Chumba cha Kupanga: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kulipa Kodi

Tangu mwaka 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zimeenea karibu kila pembe ya Tanzania Bara. Katika nyingi kati ya shule hizo madarasa ndiyo yaliyotangulia, na mabweni yakaachwa yafuate baadaye. Kwa sababu hiyo, wanafunzi ambao nyumbani kwao ni mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu hulazimika kupanga vyumba karibu na shule. Vyumba hivyo wenyewe huviita mageto. Mzazi ndiye atoaye fedha, aghalabu kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Lakini anayekwenda kukitazama chumba mara nyingi ni mwanafunzi mwenyewe, akiwa bado amevaa sare, saa kumi ya alasiri. Miaka michache baadaye kijana huyohuyo hukutana tena na kazi hiyo mjini, aingiapo chuo na kukosa nafasi katika hosteli.

Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa kwa dakika kumi. Huulizwa bei, hutazamwa ukubwa, husifiwa rangi ya ukuta, na mapatano yakaisha. Hapana budi ikumbukwe kwamba chumba huonyeshwa katika saa ambayo hakina hatari: ni mchana, mlango u wazi, sakafu imefagiliwa, na ndani hamna kitu. Mpangaji ataishi humo usiku, mlango umefungwa, mvua za masika zikinyesha, pamoja na wenzake wawili na jiko la mkaa. Kuchunguza chumba, basi, ni kusoma mchana alama za mambo yatokeayo usiku, na kusoma wakati wa kiangazi alama zilizoachwa na masika. Alama hizo zipo, na elimu ya kuzisoma imo katika fizikia, kemia na baiolojia ya sekondari. Vifaa vinavyohitajika ni futikamba, uzi mwembamba, daftari na kalamu.

Jiko litakaa wapi?

Swali la kwanza si chumba kina ukubwa gani, bali chakula kitapikwa wapi. Katika nyumba ya Kiswahili ya pwani, yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande mbili, jiko lilitengewa mahali pake uani tangu zamani, na waliobuni mpango huo walijua walifanyalo. Katika nyumba nyingi za kupangisha za siku hizi ua haupo, au umejengwa vyumba zaidi. Mpangaji hupika mlangoni. Mvua ikinyesha huliingiza jiko ndani. Katika nyanda za juu za kusini, kama vile Njombe, Makete na Mbeya, kuna sababu nyingine: usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, na makaa yaliyobaki baada ya kupika huonekana kuwa neema ya kulala nayo.

Makaa hayo ndiyo hatari kubwa kuliko zote zilizomo katika makala hii, na yafaa mwalimu alieleze jambo lenyewe kwa ukamilifu. Kuni zikichomwa katika tanuri la mkaa hupoteza maji na sehemu kubwa ya vitu vitoavyo moshi. Kinachobaki karibu chote ni kaboni. Kwa hiyo mkaa ukiwaka hautoi moshi mwingi, wala hauwashi macho, na mtu hudhani kwamba hewa ya chumba ni safi. Kumbe chini ya jiko kaboni huungua na kuwa kaboni dioksaidi. Hewa hiyo inapopanda kupita katikati ya makaa mekundu huchukua kaboni zaidi na kugeuka kaboni monoksaidi. Ndimi za buluu zichezazo juu ya makaa ni hewa hiyo ikiungua. Makaa yakianza kufifia, ndimi hizo hutoweka, lakini hewa yenyewe huendelea kutoka bila kuungua. Hivyo, saa ambayo mpishi husema “moto umekwisha” ndiyo saa ya kujihadhari zaidi.

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haina ladha. Wako watu wanaofundisha kwamba hukaa chini karibu na sakafu, na kwamba alalaye juu ya kitanda kirefu yu salama. Hesabu ndogo yaonyesha kosa hilo. Moli moja ya kaboni monoksaidi ina uzito wa gramu 28, na ya hewa ya kawaida takriban gramu 29. Uzito wao karibu ni sawa, kwa hiyo huchanganyika na kukijaza chumba chote. Ndani ya mwili, hewa hii huungana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini haibebi tena oksijeni ya kutosha. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, huweza kutapika, na miguu huishiwa nguvu. Akiwa amelala huenda asiamke kabisa. Dalili hizo hufanana na za malaria, na ni rahisi mwanafunzi kumeza dawa asubuhi na usiku kulirudisha jiko palepale.

Je, ni mkaa kiasi gani unaotosha kuleta hatari? Tuseme chumba kina urefu wa mita 3, upana wa mita 3, na kimo cha mita 2.7. Ujazo wake ni mita za ujazo 24.3. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu kwamba sehemu 1,200 za kaboni monoksaidi katika sehemu milioni moja za hewa huyahatarisha maisha mara moja. Katika chumba hiki sehemu hizo ni takriban lita 29. Kwa joto la kawaida la nchi yetu moli moja ya hewa huchukua lita 24 na kitu. Kwa hiyo lita 29 ni kama moli 1.2, nazo zina kaboni ipatayo gramu 14 tu. Bila shaka si kaboni yote igeukayo kuwa kaboni monoksaidi. Lakini hata kama ni sehemu moja tu katika kumi, na chumba kimefungwa kabisa, gramu 140 za mkaa zatosha. Kiasi hicho ni konzi moja au mbili. Jiko dogo lililojazwa hubeba zaidi ya hapo.

Hesabu hiyo imechukua chumba kisichopitisha hewa hata kidogo, na chumba cha namna hiyo hakipo. Ndiyo maana watu wengi hulala na jiko wakaamka. Mwenye nyumba akiziba matundu ya juu ya ukuta ili kuzuia baridi au popo, au mpangaji akijaza magunia chini ya mlango, chumba kilekile kilichokuwa salama mwaka jana huwa kaburi. Kwa hiyo mwanafunzi anayekagua chumba atazame juu, pale ukuta unapokutana na paa. Je, kuna matofali yenye matundu? Je, yamezibwa? Kisha apime dirisha. Wajenzi wana kanuni ya zamani isemayo kwamba eneo la dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba cha mita za mraba 9 chahitaji dirisha la mita ya mraba 0.9, yaani kama sentimita 90 kwa 100. Zaidi ya hayo, dirisha liwe linafunguka. Yapo madirisha mengi ya vioo, mazuri kwa sura, ambayo nusu yake haikutengenezwa ifunguke.

Hewa hupita vizuri iwapo ina mahali pa kuingilia na mahali pengine pa kutokea. Kujua kama hewa yapita, uzi mwembamba wenye urefu wa sentimita 20 ushikwe mbele ya dirisha, mlango ukiwa umefungwa, kisha ushikwe karibu na matundu ya juu. Uzi usipotikisika mahali popote, chumba hicho kina mlango mmoja wa hewa, nao ni ule wa watu. Jambo hili halihusu mkaa peke yake. Vijidudu vya kifua kikuu, vilivyotambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, husafiri katika hewa ya ndani. Wanafunzi watatu walalao katika chumba kisichopitisha hewa huvuta usiku kucha hewa iliyokwisha kupita katika mapafu ya wenzao.

Chumba ambacho hakina mahali pa kupikia nje, penye paa, kihesabiwe kuwa hakina jiko. Mwanafunzi asiyeweza kukiacha kwa sababu ya bei ajue tangu siku ile kwamba atapika mlangoni, na kwamba jiko halitavuka kizingiti usiku, hata kama makaa yamefunikwa majivu.

Ukuta husema nini juu ya masika

Rangi mpya ni jambo la kutiliwa shaka kabla ya kusifiwa. Ukuta uliopakwa rangi juzi umefutiwa kumbukumbu zake. Ukuta wa zamani, ijapokuwa haupendezi, husomeka.

Unyevu huingia chumbani kwa njia tatu, na kila njia ina alama yake. Njia ya kwanza ni ya kutoka chini. Tofali, liwe la saruji au la kuchoma, lina vitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, na maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba ndivyo maji yanavyopanda zaidi. Kitundu chenye nusu kipenyo cha milimita 0.05 hupandisha maji kadiri ya sentimita 29. Kilicho chembamba mara tano zaidi huweza, kwa hesabu, kuyapandisha karibu mita moja na nusu. Fundi mwangalifu huzuia jambo hili kwa kutandika tabaka la lami au plastiki nzito juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta. Tabaka hilo ni la gharama ndogo sana, lakini likisahauliwa haliwezi tena kuwekwa bila kubomoa. Alama ya kosa hilo ni rangi inayobabuka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno, na unga mweupe unaotoka ukutani. Unga huo ni chumvi: maji yamepanda nayo, maji yakakauka, chumvi ikabaki. Pwani, ambako baadhi ya wajenzi hutumia mchanga wenye chumvi, unga huonekana zaidi.

Njia ya pili ni ya kutoka juu. Bati lililotoboka huacha juu ya dari duara la rangi ya chai, lenye ukingo mweusi kuliko katikati. Pasipo dari, atazame mbao za kenchi na michirizi iliyoshuka ukutani. Njia ya tatu ni ya upande, pale bomba la jirani au ukuta wa bafu unapovuja. Hapo doa huwa mahali pamoja tu, na halitegemei majira.

Kwa kuwa ukuta unyevu hukauka taratibu, na maji yanayogeuka mvuke huchukua joto, ukuta huo huwa wa baridi kuliko wenzake. Nyuma ya kiganja huhisi tofauti hiyo vizuri kuliko ncha za vidole. Pua nayo ina kazi yake: harufu ya uvundo katika chumba kilichofungwa kwa siku mbili ni ya ukungu, nao ni adui wa mwenye pumu, wa godoro na wa madaftari. Iwapo kalenda au boksi lililokunjuliwa limebandikwa chini ya ukuta, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kulisoma, yafaa mwanafunzi aombe kwa adabu kulifunua.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani. Achukue vipande vitatu vya tofali la aina moja, cha kwanza kama kilivyo, cha pili kilichopakwa nta iliyoyeyushwa upande wa chini, na cha tatu kilichopakwa nta hadi nusu ya kimo chake. Vyote vipimwe uzito, visimamishwe katika beseni lenye maji ya kimo cha sentimita 2 yaliyotiwa wino, kisha vipimwe tena kesho yake. Wanafunzi wachore grafu ya kimo cha wino kila baada ya saa moja. Tofauti ya kipande cha pili na cha tatu itawapa la kufikiri kuhusu mahali ambapo tabaka la kuzuia unyevu linapaswa kukaa.

Kuna alama moja ambayo haina budi kutofautishwa na hizo zote. Unyevu unaopanda huwa na ukingo wa mawimbi, huku juu na kule chini. Mafuriko huacha mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, wenye kimo kilekile katika kuta zote, katika miimo ya milango, na katika nyumba ya jirani. Mstari huo ukionekana, mazungumzo ya bei yakome. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa zilinyesha Dar es Salaam, maji yakajaa katika bonde la Msimbazi, watu wakafa, na baadhi ya waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Bonde hilo lilijulikana kuwa bonde tangu zamani. Lakini mtu aliyekuwa akitafuta chumba huko mwezi Septemba aliona uwanja mkavu, mchanga safi na kodi nafuu. Maji hufuata mkondo, na mkondo husomeka katika vitu vidogo: vizingiti vilivyoinuliwa kwa tofali mbili tatu, viroba vya mchanga vilivyopangwa nyuma ya nyumba, soketi za umeme zilizowekwa juu kuliko kawaida, vitanda vilivyosimamishwa juu ya matofali. Watu hawafanyi kazi hizo bure. Watoto wa jirani, wakiulizwa maji ya masika hufika wapi, huonyesha kwa mkono bila kusita. Dalali hatakuwa na jibu la wazi namna hiyo.

Umeme na fyuzi isiyomjua mtu

Soketi yenye matundu matatu haithibitishi kwamba waya wa ardhi upo nyuma yake. Tundu la tatu hutengenezwa kiwandani; waya huwekwa na fundi, na fundi huweza kuuacha. Mwanafunzi asifungue soketi kwa hali yoyote. Aombe kuonyeshwa swichi kuu na mita, na atazame kama kuna waya unaoshuka kutoka hapo hadi kwenye fimbo ya chuma au shaba iliyochomekwa ardhini. Kukosekana kwa fimbo, au waya wake kukatika, ni jibu tosha.

Sababu ya kuulizia waya huo ni hii. Umeme wa nyumbani una volti 230. Mtu mwenye mikono na miguu iliyolowa aweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Kwa kanuni ya Ohm, mkondo utakaompita ni ampea 0.23, yaani miliampea 230, na mikondo ya makumi ya miliampea huweza kuuvuruga moyo. Fyuzi ya ampea 5 huuona mkondo huo kuwa ni mdogo kuliko wa pasi ya nguo, na haikatiki. Fyuzi huulinda waya usiungue, haimjui mtu. Kinachomlinda mtu ni waya wa ardhi ulio mzima, pamoja na swichi ya usalama inayokata umeme mara tu miliampea 30 zinapovuja. Swichi ya namna hiyo ina kitufe kidogo cha kujaribia, na mwenye nyumba aweza kukibonyeza mbele ya mpangaji. Katika nyumba za kodi nafuu swichi hiyo ni adimu, lakini kuiulizia ni halali.

Nje ya nyumba atazame waya unaoingia kutoka kwenye nguzo. Ukigusa ukingo wa bati, au kama waya wa kuanikia nguo umefungwa karibu nao, ganda la plastiki litasuguliwa na upepo mwaka hata mwaka, na siku moja bati lote litakuwa na umeme.

Mita ya LUKU inayotumiwa na vyumba sita ni chanzo cha ugomvi zaidi kuliko cha hatari, na ugomvi huo huweza kumalizwa kwa hesabu kabla haujaanza. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti moja kwa siku 20. Jiko la umeme la wati 1,000 hutumia uniti hiyohiyo kwa saa moja. Kugawana gharama kwa kichwa, katika nyumba ambayo mmoja ana jiko hilo na mwingine ana taa tu, si haki. Mwanafunzi aulize mapema vifaa vya wenzake na namna wanavyochanga.

Maji, choo na mbu

Mwaka 1854 daktari John Snow alichora katika ramani ya mtaa wa Soho, London, nyumba za watu waliokufa kwa kipindupindu, akaona kwamba vifo vimekizunguka kisima kimoja cha pampu. Somo hilo halijazeeka. Kipindupindu kilienea Tanzania kuanzia mwaka 1977, na mwaka 2015 mlipuko mkubwa ulianzia tena Dar es Salaam.

Mpangaji, basi, aulize maji ya kunywa yatoka wapi, kisha aende akaone. Yakitoka bombani, aulize hutoka siku ngapi kwa juma, na huhifadhiwa katika nini. Yakitoka kisimani, apime umbali kati ya kisima na choo cha shimo kilicho karibu, kikiwemo cha jirani, kwani maji ya chini ya ardhi hayajui mipaka ya viwanja. Kanuni inayofundishwa ni mita 30 kwa uchache, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Mtu ambaye hatua yake ni sentimita 75 atahesabu hatua 40. Umbali huo ni kinga ya kadiri tu, hasa katika mchanga wa pwani unaopitisha maji upesi. Maji ya kisima cha namna hiyo yachemshwe hata kama yanang’aa. Sabuni isiyotoa povu ni ishara ya maji magumu au ya chumvi. Hayo hayaui, lakini yatamgharimu mwanafunzi sabuni maradufu kila juma.

Choo kihesabiwe kwa watu, si kwa nyumba. Vyumba vinane vyenye watu watatu kila kimoja ni watu 24, na asubuhi ya shule huanza kwa wote saa ileile. Kitasa cha ndani kiwepo na kifunge. Kwa msichana hilo si jambo dogo.

Mbu hawafanani. Anofelesi, mwenye malaria, huzaliana zaidi katika madimbwi ya maji yaliyo wazi, na huuma usiku. Aedesi, aliyeeneza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika ndoo, mapipa na matairi ya uani, na huuma mchana. Kuleksi hupenda maji machafu ya karo na vyoo vya shimo, na katika pwani yetu ndiye mmojawapo wa waenezao matende. Kuhusu huyu wa tatu kuna jaribio lililofanywa Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, ambalo lastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki. Watafiti walimwaga katika vyoo vya shimo vilivyojaa maji punje nyepesi za polistirini, zile zitengenezewazo vifungashio vyeupe vya redio na televisheni. Punje zikaelea na kufanya tabaka. Viluwiluwi wa mbu, ambao hupumua kwa kutoa mrija juu ya maji, wakakosa hewa, na majike wakakosa mahali pa kutagia. Wakati huohuo wakazi walipewa dawa ya matende. Mbu wakapungua sana, na maambukizo nayo yakapungua. Hapakuwa na sumu yoyote katika kazi hiyo, ila elimu ya mahali mbu apumuapo.

Mwanafunzi anayetazama chumba hatabeba punje za polistirini. Atazame kama mfuniko wa karo umepasuka, kama bomba la hewa la choo lina wavu juu, na kama madirisha ya chumba yana wavu usiotoboka. Wavu mpya wa dirisha moja ni gharama ndogo, na wenye nyumba wengi hukubali kuuweka kabla ya kodi kulipwa. Baada ya kulipwa huwa vigumu.

Kufuli, majirani na mkataba

Mengine yaweza kusemwa kwa ufupi. Kitasa cha mlango kibadilishwe siku ya kuhamia, kwa kuwa haijulikani mpangaji aliyetangulia aliondoka na funguo ngapi. Nondo za dirisha huzuia mwizi, lakini humaanisha pia kwamba chumba kina njia moja tu ya kutokea. Kwa hiyo taa ya mafuta, mshumaa na jiko visikae kamwe kati ya kitanda na mlango. Aulizwe jirani, si mwenye nyumba, kama kilabu cha pombe kilicho karibu hufungwa saa ngapi. Chumba kiendewe mara ya pili baada ya magharibi, pamoja na mzazi, mlezi au mwalimu, kwa kuwa njia itokayo shuleni haifanani mchana na usiku, wala watu wakaao barazani hawafanani.

Mwanafunzi aliye chini ya umri wa miaka 18 hana uwezo kisheria wa kufunga mkataba. Atakayetia saini ni mzazi au mlezi. Ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji ndipo mahali pa kuhakikisha kwamba anayepokea kodi ndiye mwenye nyumba kweli, au ametumwa naye, maana wapo waliolipa kwa mtu aliyekuwa mpangaji kama wao. Kasoro zote zilizoonekana ziandikwe katika mkataba kwa tarehe ya kurekebishwa, na stakabadhi ya fedha itolewe papo hapo.

Kwa darasa lenye wanafunzi waishio katika vyumba vya kupanga, kazi ifuatayo yaweza kufanywa kwa juma moja. Kila mmoja apime urefu, upana na kimo cha chumba alalamo, pamoja na dirisha lake, na atafute ujazo wa hewa kwa kila mtu anayelala humo. Ahesabu ni gramu ngapi za kaboni zinazotosha kukifikisha chumba hicho kwenye sehemu 1,200 katika milioni, ikiwa sehemu moja ya kumi ya kaboni hugeuka kaboni monoksaidi. Kisha aupime, kwa mizani ya maabara, mkaa ujazao jiko lake, na kuziandika namba hizo mbili bega kwa bega.